Mafuta ya Chombo: Namna ya Kujua Kiasi Kilichobaki

Kisiwa cha Remba ni mwamba mdogo katika Ziwa Victoria, nje ya Mfangano na jirani na Ringiti, karibu na mwisho wa maji ya Kenya upande wa magharibi. Watu wake ni wengi mno kwa udogo wa kisiwa, na nyumba za mabati zimesongamana ukuta kwa ukuta. Hakuna mashamba ya kuwalisha watu hao, wala barabara ya kuleta mizigo. Karibu kila kitu, tangu unga hata misumari, hufika kwa chombo kutoka bara, na mafuta ya injini ni mojawapo. Lita ya mafuta iuzwayo Remba imekwisha kusafiri majini kabla ya kununuliwa, na mtu aishiwaye mafuta katikati ya safari hana mahali pa karibu pa kununua mengine.

Hata hivyo, kila chombo kinaposukumwa majini, aghalabu husikika mazungumzo ya namna hii. Nahodha humwuliza kijana wake, "Mafuta yapo?" Naye kijana hujibu, "Yapo, mzee." Wote wawili huridhika, na safari huanza. Walakini neno "yapo" si kipimo. Lita 2 zipo, na lita 30 zipo pia. Tofauti yao huonekana saa nane za usiku, wakati injini inapokohoa mara mbili na kunyamaza.

Yafaa kwanza kufahamu kwa nini jambo hili ni kubwa. Katika Ziwa hili pepo mbili hupokezana. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na upepo hutoka bara kwenda ziwani; mchana nchi kavu hupata joto upesi, upepo hugeuka, ukatoka ziwani kwenda bara. Wavuvi wa tanga waliijua kawaida hiyo, wakatoka alfajiri kwa upepo wa kwanza na kurudi alasiri kwa upepo wa pili. Injini imewapa wana wao uhuru wa kutoka na kurudi saa waipendayo, lakini haikuugeuza upepo. Chombo kizimikiwacho na injini usiku katika pande hizi za mashariki hakisukumwi kuelekea nyumbani. Husukumwa nje, kwenye maji mapana.

Kutoka Remba, nje ni magharibi, na huko ndiko uliko mpaka wa Kenya na Uganda, ambao ulielezwa katika amri ya mwaka 1926. Mpaka ulio katika ramani hauonekani usiku. Tangu ugomvi wa kisiwa cha Migingo ulipovuma mwaka 2009, wavuvi wa sehemu hizo wanajua vema taabu ya kukutwa ng'ambo: chombo kushikwa, injini kuchukuliwa, na siku nyingi kupotea katika maelezo. Tena dhoruba nyingi za Ziwa huinuka usiku. Ziwa lote lina eneo la kilometa za mraba zipatazo 68,800, na fungu la Kenya ni karibu 6 tu katika kila 100. Basi chombo kilichoachwa kisukumwe na upepo kina maji mengi sana ya kupotelea.

INJINI YA NDANI NA INJINI YA KUPACHIKA

Injini nyingi za vyombo vya Ziwa ni zile za kupachika nyuma ya tezi, nazo hunywa petroli kutoka katika tangi dogo la kubebeka. Mwenye injini ya namna hiyo ana bahati moja: aweza kuliinua tangi lake kwa mkono na kuhisi uzito wake. Lita moja ya petroli ina uzito wa karibu robo tatu ya kilo, hivyo tangi la lita 25 likijaa lina mafuta ya kilo 18 na zaidi, na mkono uliozoea hautadanganyika sana.

Injini ya ndani ni jambo jingine. Hiyo yaonekana zaidi katika majahazi na mashua za pwani, kama vile za Lamu, ambazo zilijengwa kwa ajili ya tanga na baadaye zikatiwa injini ya dizeli. Chombo cha zamani cha tanga hakikuwekewa nafasi ya tangi tangu mwanzo. Fundi alitafuta mahali palipobaki, chini ya sitaha au ubavuni mwa mataruma, akaunda tangi la kufuata umbo la chombo, akalifungia humo. Halibebeki, halionekani, na mara nyingi kitundu cha kutilia mafuta tu ndicho kilicho wazi. Mafunzo yafuatayo yanamhusu zaidi mwenye tangi la namna hiyo, awe wa pwani au wa Ziwa. Lakini mwenye tangi dogo la kubebeka, au pipa lililolazwa katikati ya mashua ya mizigo, ataona kwamba mengi yanamhusu yeye pia.

GEJI HUDANGANYA KWA NJIA NYINGI

Watu wengi hudhani kwamba chombo chenye geji hakihitaji kipimo kingine. Geji ya kawaida hufanya kazi hivi: ndani ya tangi mna boya dogo lililofungwa kwenye mkono wa chuma. Mafuta yakipanda boya hupanda, yakishuka hushuka, na mkono huo hubadili nguvu ya umeme ipitayo katika waya hata kufika kwenye mshale. Katika gari litembealo barabarani mtambo huu hufaa. Katika chombo cha zamani una maadui wengi. Boya likitoboka hunywa mafuta na kuzama, na mshale husema tangi ni tupu hali limejaa. Kosa hilo halina hatari kubwa. Mkono ukishika kutu na kukwama juu, mshale husema tangi limejaa mpaka tone la mwisho. Waya ukikatika, geji ya aina moja huonyesha tupu na ya aina nyingine huonyesha tele, kwa kadiri mtambo ulivyotengenezwa, na mwenye chombo asiyejua ni ipi aliyo nayo hawezi kuuamini mshale hata kidogo.

Hata geji nzima hutaabika majini. Chombo kikienda kwa tanga hulala upande, mafuta hukimbilia ubavu mmoja, na boya hufuata. Mzigo wa samaki na barafu ukiwekwa nyuma, tezi huzama na mafuta hurudi nyuma. Katika mawimbi mshale hucheza kama mkia wa mbwa. Mtu atakayeusoma wakati huo atachagua ile sehemu ya mchezo impendezayo, maana ndivyo mwanadamu alivyo.

Baadhi ya matangi yana mrija wa kioo au wa plastiki ubavuni, ambao mafuta huonekana ndani yake kwa usawa ule ule wa tangi. Kipimo hiki ni cha kweli kuliko geji, illa mrija una hatari yake: ukivunjika, mafuta yote humwagika katika ngama, na ukipata moto huyeyuka. Kwa sababu hiyo mrija huo hapana budi uwe na bilula juu na chini, zifunguliwe wakati wa kupima tu, kisha zifungwe.

KIJITI CHA KUPIMIA

Chombo bora cha kupimia mafuta hakina umeme wala boya. Ni kijiti kilichonyoka cha mti mgumu, kikavu, kisichopakwa rangi, chenye urefu wa kufika chini kabisa ya tangi na kubaki juu kiasi cha kushikwa. Kijiti hutumbukizwa wima mpaka kiguse chini, huinuliwa, na alama ya majimaji husomwa. Dizeli huacha alama safi juu ya mti. Petroli hukauka upesi sana, hivyo yafaa kukipaka kijiti chaki kidogo ili alama ibaki. Kijiti kifutwe kwa kitambaa safi kabla ya kuingia, kwa maana mchanga ushikamao nacho utafika kwenye chujio.

Lakini kijiti kisicho na alama za lita ni sawa na saa isiyo na namba. Kazi ya kuzitia alama hufanywa mara moja tu. Tangi humwagwa mpaka liwe tupu, chombo kikiwa kimetulia majini bila kulala upande. Kisha hutiwa mafuta lita 5, kijiti hutumbukizwa, na pale palipolowa hukatwa alama kwa kisu. Hutiwa lita 5 nyingine na kukatwa alama ya pili, na kuendelea hivyo mpaka tangi lijae. Alama zikatwe kwa kisu wala si kuandikwa kwa wino, kwa kuwa mafuta hufuta wino. Tena kipimo cha lita 5 kiwe cha kweli. Dumu la plastiki liitwalo la lita 20 huweza kubeba zaidi likijazwa mpaka shingoni, na mtu apimaye kwa dumu lisilojulikana ajenga juu ya mchanga.

Atakayefanya kazi hiyo kwa mara ya kwanza huenda akashangaa kuona kwamba alama zake hazina nafasi sawa. Chini ziko mbalimbali, na juu zimekaribiana. Sababu ni umbo la tangi. Tangi lililofuata umbo la chombo ni jembamba chini, karibu na mkuku, na pana juu. Tuseme tangi lina umbo kamili la pembetatu iliyosimama kwa ncha yake, lina kina cha sentimita 40 na hubeba lita 40. Mafuta yakifika nusu ya kina, yaani sentimita 20, mtu asiyejua atasema, "Nina lita 20." Kwa kweli ana lita 10 tu, maana upana nao umepungua kwa nusu, na nusu ya nusu ni robo. Yakifika sentimita 10, ambayo ni robo ya kina, zimebaki lita 2 na nusu. Hapo ndipo wengi hukamatwa: nusu ya kwanza ya kijiti huchukua siku nzima kukauka, na nusu ya pili hukauka kabla ya chakula cha mchana.

Pipa lililolazwa lina hila yake pia. Likiwa nusu ya kimo ni nusu kweli, lakini likiwa robo ya kimo lina karibu moja ya tano tu ya mafuta yake.

Kupima kufanywe daima katika hali moja: chombo kimetulia, hakijalala, mzigo haujawekwa, na kijiti kipitie tundu lile lile. Asubuhi kabla ya kupakia ni wakati mzuri. Na tangi likiwa la petroli, taa ya moto na sigara vikae mbali. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka katika ngama na kulala humo usionekane, ukingoja cheche. Katika chombo chenye injini ya ndani ya petroli, ngama hufunguliwa na kupitishwa hewa kabla ya injini kuwashwa, si baada yake.

MAFUTA YASIYO MAFUTA

Kijiti hakijui tofauti kati ya mafuta na maji. Maji huingia tangini kwa mvua ipitayo katika kifuniko kilicholegea, kwa madumu yaliyooshwa bila kukaushwa, na kwa jasho la tangi lenyewe usiku. Kwa kuwa maji ni mazito, hukaa chini. Mtu aonaye alama ya sentimita 8 huenda ana sentimita 5 za mafuta juu ya sentimita 3 za maji, na injini huanza kunywa kutoka chini. Basi mara kwa mara yafaa kuteka kiasi kidogo kutoka sehemu ya chini kabisa ya tangi, kukitia katika chupa nyeupe na kukiacha kitulie. Kama mna maji, mstari utaonekana wazi, maji chini na mafuta juu.

Pia kuna mafuta ya kweli ambayo injini haiwezi kuyafikia. Mrija wa kuvutia hauanzi chini kabisa. Huachwa juu kidogo ili usivute takataka. Katika tangi lenye ncha chini, mafuta hayo ni machache. Lakini katika tangi la chini bapa, lenye urefu wa sentimita 60 na upana wa sentimita 40, kila sentimita moja ya kina ni lita 2 na sehemu 4 za kumi. Mrija ukiwa juu kwa sentimita 3, lita 7 na zaidi zimo tangini lakini si za safari. Mwenye chombo azitoe katika hesabu yake tangu mwanzo, kana kwamba hakuzinunua.

Chombo kikilala sana kwa tanga mafuta yakiwa machache, mrija hutokeza na kuvuta hewa. Injini ya petroli itakohoa, kisha huenda ikarudia hali yake. Injini ya dizeli haisamehi: hewa ikiingia katika mabomba yake husimama, na haitaondoka tena mpaka hewa hiyo itolewe kwa kulegeza skrubu na kupampu kwa mkono. Kazi hiyo ni nyepesi gatini, na ni ngumu gizani penye mawimbi. Baharia ajifunze siku ya utulivu.

HESABU YA SAA

Kipimo cha pili, ambacho hukisaidia kijiti na kukisahihisha, ni saa za kazi ya injini. Tangi hujazwa mpaka alama fulani. Injini hufanya kazi, na saa zake huandikwa. Kisha tangi hujazwa tena mpaka alama ile ile, na lita zilizotiwa hugawanywa kwa saa zilizoandikwa. Injini iliyofanya kazi saa 6 na kudai lita 15 hunywa lita 2 na nusu kwa saa. Kwa makisio tu, injini ya dizeli ikitumiwa kwa nguvu zake zote hunywa karibu robo ya lita kwa saa kwa kila nguvu moja ya farasi. Hivyo ya nguvu 20 hunywa lita 5. Injini ya petroli ya kupachika, ya namna ile ichanganyiwayo oili, ina kiu zaidi: ya nguvu 15 ikifunguliwa mpaka mwisho hunywa lita 6 au zaidi. Lakini kila mashine ina tabia yake, na namba ya chombo mwenyewe ni bora kuliko ya kitabu.

Mwendo nao una neno. Chombo kizito cha tanga husukuma wimbi mbele yake, na kadiri kinavyolazimishwa kwenda mbio ndivyo wimbi linavyokua. Nguvu za mwisho za injini huliwa na wimbi hilo, wala hazimfikishi mtu mapema sana. Nahodha akipunguza mwendo kidogo ataona mafuta yakipungua kwa kiasi kidogo sana kuliko alivyotazamia.

Kanuni ya manahodha wengi duniani ni mafungu matatu: fungu la kwanza la kwenda, la pili la kurudi, la tatu la akiba. Tuseme chombo kina lita 36 za kutumika, na hunywa lita 3 kwa saa. Fungu moja ni lita 12, yaani saa 4. Nahodha aendaye zaidi ya saa 4 ameanza kula fungu la kurudi, hata kama kijiti bado chaonyesha mafuta mengi. Na kwa Remba kanuni hii yataka kuongezwa jambo moja. Mtu atokaye alfajiri huenda mbele ya upepo wa bara, na hesabu yake ya kwenda huwa ndogo kwa udanganyifu. Akichelewa kurudi mpaka upepo wa usiku uanze tena, atarudi akipigana nao, na saa 4 za asubuhi huweza kuwa saa 6 za usiku. Ndiyo sababu tanga lisiachwe nchi kavu kwa kuwa injini ipo. Tanga, kamba na nanga ni akiba isiyopungua kwa kukaa.

DAFTARI

Katika vyombo vingi vya Ziwa mwenye mashua si yeye aendaye majini. Samaki wakiuzwa, gharama ya mafuta hutolewa kwanza, na kinachobaki ndicho kigawanywacho kati ya mwenyewe na mabaharia. Hapo ndipo ugomvi mwingi huzaliwa. Mwenye mashua huona mafuta yamekwisha upesi na kusema yameuzwa kisiri. Baharia huapa kwamba upepo ulikuwa mkali. Wote wawili huenda wasema kweli kama waijuavyo, kwa maana hakuna aliyepima.

Daftari la senti chache hutosha. Kila safari huandikwa tarehe, alama ya kijiti kabla ya kutoka, saa za injini, alama wakati wa kurudi, na lita zilizotiwa. Na neno moja la hali ya hewa, kama "shwari" au "mbisho". Baada ya mwezi mmoja namba zitaanza kusema zenyewe. Chombo kilichokuwa kikinywa lita 2 na nusu kwa saa kikianza kunywa 3 na nusu penye shwari, ama rafadha imepindika, ama chini pameota uchafu, ama mpira wa mafuta unavuja ndani ya ngama. Na jambo hilo la mwisho si la kungoja kesho. Ikiwa hakuna hata moja kati ya hayo, ndipo mwenye mashua aweza kuuliza habari za wizi, naye atauliza akiwa na karatasi mkononi.

Vijiti vikatwe viwili, kimoja cha chomboni na kimoja cha nyumbani kwa mwenye mashua, alama zikilingana. Na siku fundi atakapolitoa tangi, kulinyosha au kulisogeza, vyote viwili vitupwe motoni na alama zikatwe upya, lita 5 kwa lita 5.